Risala ya Umoja wa Vikundi vya Hisa kwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, Siku ya Kuwaaga Vijana Wanaokwenda Vyuoni

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo;
Mheshimiwa Diwani;
Mtendaji wa Kata na Afisa Maendeleo ya Jamii;
Walimu wakuu wa sekondari zetu;
Viongozi wetu wa dini;
Wazazi wenzetu, na ninyi vijana mnaoagwa leo:

Assalamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya wanachama wa umoja wetu, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko na kufika mwenyewe huku Kilwa vijijini. Tumezoea vyuo kutujia kwa karatasi. Mwezi wa nane bango linabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, lina picha ya vijana waliovaa majoho na namba tatu za simu ambazo mbili hazipatikani. Likichanika, chuo nacho kimeondoka. Kwa hiyo wewe kuketi hapa na sisi, tena umefika kabla ya muda tulioandika kwenye barua, kwetu ni jambo.

Ndugu Mgeni Rasmi, umoja wetu umeundwa na vikundi vya kuweka na kukopa. Wanachama wengi ni akina mama: walima mwani, wachuuzi wa samaki, wenye mashamba ya ufuta na mikorosho michache. Kila kikundi kina sanduku lake la bati lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu wasiolala nyumba moja. Zamani sanduku lile lilikuwa na daftari la hisa, mfuko wa jamii na muhuri tu. Siku hizi lina pia bahasha za kaki. Kila bahasha ina jina la mtoto mmoja wa mwanachama au wa jirani, na ndani yake mna cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne yaliyochapishwa pale steshenari, picha ndogo, namba ya kaya kwa wanaohudumiwa na TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, na kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi. Hatukutumwa na mtu kufanya hivyo. Tulianza baada ya kuona kwamba mtoto aliyefaulu anaweza kukosa chuo kwa sababu cheti chake kililiwa na mchwa, au kimeandikwa Mwanaidi wakati shuleni anaitwa Mwanahawa.

Tunaomba utuvumilie tueleze jambo moja kwa urefu, kwa sababu ndilo tulilokuitia.

Kijana wetu humaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba. Matokeo hutoka Januari. Vyuo vya kati vinapokea wanafunzi wapya Septemba au Oktoba. Hapo katikati kuna karibu mwaka mzima, na huo ndio mwaka tunaowapoteza. Wa kiume huingia baharini au hupanda basi kwenda Dar es Salaam kwa ndugu ambaye hana uhakika wa kazi hata yeye. Wa kike huletewa mchumba, au hupelekwa mjini kufanya kazi za ndani kwa makubaliano ya mdomo. Bango linapofika Agosti, linamkuta nani? Linawakuta waliokuwa wanajua tangu mwanzo kwamba watakwenda chuo, watoto wenye kaka au shangazi aliyewahi kusoma. Wale ambao chuo kinasema kinawatafuta hawapo tena kijijini kulisoma.

Fedha nazo zina msimu wake. Ufuta wetu unauzwa kwenye mnada kuanzia mwezi wa sita. Korosho zinaanza kuuzwa Oktoba, na malipo yanayopitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, humfikia mkulima baadaye. Barua ya kujiunga inayotaka nusu ya ada Septemba humkuta mzazi amekwisha kula ufuta na hajavuna korosho. Watu wakikaa ofisini husema wazazi wa Kusini hawathamini elimu. Sisi tunaoshika daftari za mikopo tunaona kitu kingine: mwezi wa tisa ndio mwezi wenye maombi mengi ya mkopo wa ada, na ndio mwezi sanduku letu lina fedha kidogo.

Lipo pia suala la kuelewa matokeo. Mwezi wa sita mwaka huu, Ndugu Mgeni Rasmi, ofisi yako ya udahili ilimtuma afisa wake aje kukaa nasi siku ya hisa. Hakuleta kipaza sauti wala fulana. Alisubiri mpaka hisa zikahesabiwa, faini za wachelewaji zikalipwa, ndipo tukamfungulia bahasha. Akazipitia moja moja, akiuliza kwa sauti ya chini, mwenye mtoto akisogea karibu. Ilipofika ya binti mmoja, baba yake akasema pale pale, huyo mrudishieni mama yake, amefeli, ana daraja la nne. Afisa akaweka kidole kwenye karatasi na kuhesabu: Kiswahili, Uraia, Biolojia, Jiografia. D nne. Akamweleza mzee kwamba ngazi ya astashahada, yaani cheti, katika kozi nyingi inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na binti anayo yote manne. Mzee akaomba ahesabiwe tena. Binti huyo atasoma ununuzi na ugavi, na leo yumo katika mstari wa mbele.

Siku hiyo hiyo kijana mwingine alihesabiwa akapungukiwa. Alikuwa na D nne kweli, lakini moja ilikuwa ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, ambayo kama Maarifa ya Biblia, haihesabiwi. Mama yake alikuwa ameshalipia ada ya maombi kwenye vyuo viwili, na hakuna hata kimoja kilichompigia simu kumwambia sababu ya kukosa. Afisa wako alimwelekeza kurudia somo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kikundi kimemkopesha ada ya mtihani. Maelezo hayo yalichukua dakika chache. Yangetolewa Februari, kijana angekuwa mbali.

Hatutaki kujifanya kwamba kila chuo kikija kwenye vikundi kinakuja kwa heri. Kuna vijana hupita huku wakilipwa kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Wanaahidi ajira, wanaahidi mkopo, wanachukua fedha ya fomu. Mtoto wa jirani yetu alipelekwa namna hiyo kwenye chuo ambacho baadaye kilikutwa hakina usajili wa kozi aliyosomea. Tangu hapo tumejiwekea utaratibu: kabla ya mzazi kutoa shilingi, katibu anaangalia kwenye orodha ya NACTVET, baraza la serikali linalosajili vyuo hivi. Na anayelipwa kwa kichwa hatumfungulii bahasha.

Kuhusu mkopo tuseme wazi, maana wazazi wengi hapa wamesikia nusu tu. Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada, yaani diploma, mwaka wa masomo 2023/2024, kwa fani zilizopewa kipaumbele. Hilo tunalishukuru. Lakini mtoto mwenye D nne anaanzia astashahada, na hapo mkopo huo haumfikii. Yaani aliye chini kabisa kwa matokeo, ambaye mara nyingi ndiye wa chini kwa kipato pia, mwaka wake wa kwanza anabebwa na familia peke yake. Akivuka mwaka huo, milango mingine inaanza kufunguka.

Sasa maombi yetu.

Kwanza tunaomba afisa yule aje Februari, wiki chache baada ya matokeo, na aje siku ya hisa, kwa sababu siku hiyo watu wapo. Pia tunaomba awe mtu mmoja tunayemfahamu jina na simu yake. Akihamishwa, tuambiwe nani amechukua nafasi.

La ada ndilo zito. Tunaomba wanafunzi wanaodhaminiwa na kikundi waruhusiwe kuripoti na kianzio, na salio lilipwe baada ya minada ya korosho. Unaweza kuuliza dhamana yetu ina thamani gani. Halmashauri hukopesha vikundi kutoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tumewahi kukopa huko na tumerejesha. Afisa Maendeleo ya Jamii yupo hapa, muulize mbele yetu. Chuo kikituamini kiasi hicho tu, inatosha.

Tuna mabinti ambao ni mama. Tangu Waraka wa Serikali wa mwaka 2021, aliyekatisha masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shule, na tunao waliorudi wakamaliza. Wakifika vyuoni hukuta bweni halipokei mtoto. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo viko 54 nchini na kimoja ni cha hapa Kilwa Masoko, vimeonyesha kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho kwamba mama anaweza kusoma huku mwanawe akiangaliwa pale pale chuoni. Hatukuombi ujenge jengo jipya. Chumba kimoja na mlezi mmoja, hata kama itabidi tuchangie posho yake.

Yupo pia kijana wetu anayetumia kiti cha magurudumu. Amefaulu vizuri kuliko wengi waliosimama pale. Alipouliza kama madarasa ya kozi anayoitaka yako ghorofani, hakupata jibu mpaka leo, na bahasha yake bado imo sandukuni. Tungependa aondoke hapa jioni hii akiwa na jibu.

Wazee wetu wanakumbuka Azimio la Musoma la mwaka 1974, ambapo aliyetaka kwenda Chuo Kikuu alipaswa kwanza kufanya kazi, kisha apendekezwe kule alikofanyia kazi na kwenye tawi la chama. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake; wanawake walipungua mno mpaka ukalegezwa kwao, na sehemu nyingine pendekezo lilimwendea mwenye mjomba kwenye tawi. Hatuombi urudi. Kuchagua nani ana sifa ni kazi ya chuo. Tunachosema ni kwamba sisi tunajua mtoto yupo wapi, nyumba yake imesimamaje, na nani ndani ya nyumba hiyo akisema ndiyo basi imekuwa ndiyo. Mara nyingi si baba, ni bibi.

Na kazi yetu isiishie kituo cha basi. Mwanafunzi akianza kukosa vipindi, chuo kitupigie sisi mapema badala ya kusubiri kuandika barua ya kumfuta. Shirika la CAMFED, linalofanya kazi nchini tangu 2005, huwatumia mabinti waliomaliza kurudi kuwaongoza wadogo zao shuleni. Nasi tumekubaliana na vijana hawa wanaoondoka: likizo ya kwanza kila mmoja atakaa siku moja na wanafunzi wa kidato cha nne wa shule aliyotoka, awaeleze chuo kilivyo, chakula chake, bei ya chumba, na somo lililomshinda. Tukisema sisi wazazi hawatusikilizi hivyo.

Kwa upande wetu, tunaahidi kuendelea kutunza bahasha, kuchangia nauli ya kwanza kutoka mfuko wa jamii, na kurejesha salio la ada tulilodhamini. Mwenyekiti atakukabidhi sasa orodha ya watahiniwa wa kidato cha nne wa kata hii wanaoanza mtihani mwezi ujao, pamoja na jina la kikundi kilicho karibu na kila nyumba. Wazazi wameridhia majina hayo yatolewe. Tunaomba utupe tarehe ya Februari kabla hujaondoka, tuiandike kwenye daftari la hisa.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa Umoja