Asanteni waumini wa Ufipa, mmenilea

Ndugu Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba nafasi katika gazeti lako niwashukuru waumini wa parokia yangu ya kwanza, huku Ufipa, Jimbo la Sumbawanga. Barua ya uhamisho nimeshaipokea. Pasaka ikipita, naondoka.

Nilifika nikitokea seminari kuu, miaka ya filosofia na teolojia imejaa kichwani. Wiki ya pili tu nikaitwa kuzika kigangoni, kwenye kanisa dogo la kijijini lililo chini ya parokia. Nikahubiri ufufuko wa wafu, hoja juu ya hoja. Tulipotoka makaburini, mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, alikuwa akininawisha mikono, akasema taratibu: “Padre, umehubiri vizuri. Ila marehemu wetu hujamtaja.” Tangu siku hiyo siendi kuzika kabla sijakaa na wafiwa, wanisimulie alikuwa mtu wa namna gani, alilima wapi, alipenda kuimba nini.

Mwingine aliyenilea ni katekista, mwalimu wa dini, wa kigango chetu cha mbali. Masika gari halifiki kule, na pikipiki unaisukuma kuliko unavyoipanda. Usiku mmoja akaja kuniita: kuna bibi yuko mahututi. Tulitembea zaidi ya saa mbili kwenye matope, yeye mbele na tochi. Bibi alisikia Kifipa tu, nami si mwenyeji. Katekista akapiga magoti mkekani, mdomo karibu na sikio la bibi, akawa anamtafsiria kila sala huku mimi nampaka mafuta matakatifu. Tulipofika Baba Yetu akanyamaza. Bibi alikuwa ameshaanza kuisali mwenyewe.

Kulipokucha, katekista alishika jembe akaenda shambani. Posho anayopata haitoshi hata sabuni. Na huyu ndiye anayeongoza Ibada ya Neno Jumapili zote ambazo padre hayupo, anayefundisha watoto Komunyo ya Kwanza, anayejua nani kagombana na nani kwenye jumuiya.

Tunawaadhimisha mapadre wazalendo wa kwanza wa nchi yetu, waliopewa daraja la upadre mwaka 1917, na ni haki yao. Lakini ukanda wetu huu ulikuwa pia na Adrian Atiman, katekista na tabibu aliyewatumikia watu wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Warithi wake wapo vigangoni leo. Naziomba halmashauri za walei, yaani za waumini wasio mapadre wala watawa, mnapopanga bajeti ya parokia, jina la katekista lisiwe la mwisho kwenye orodha.

Wanajumuiya wangu, asanteni kwa mahindi ya mavuno, kwa uji nilipougua malaria, na kwa kunisahihisha bila kuniaibisha. Padre kijana atakayekuja baada yangu mpokeeni hivyohivyo. Naye akisahau kumtaja marehemu, mwambieni.

Padre, Sumbawanga