Kanga ya wifi na kalamu ya baba

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mama kikohozi kimemwacha na kila siku anakuulizia. Hadithi yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili mpaka adhana ya alfajiri ikanikuta macho. Nakuandikia kwa kalamu maana kwenye simu ningesahau nusu ya niliyonayo moyoni.

Mazungumzo umeyaweza, sina la kuongeza. Kinachonisumbua ni nguo. Yule dhalimu ana suti nyeusi na miwani nyeusi tangu ukurasa wa kwanza, na binti mwema yumo ndani ya gauni jeupe hata anapoteka maji. Msomaji keshawajua kabla hawajafumbua kinywa, sasa wakisema atawasikiliza kwa hamu gani?

Halafu wifi mtu. Umeandika tu "alijifunga kanga". Kanga gani, somo? Sisi tuliolelewa mgongoni kwa kanga tunajua ina pindo, ina mji, ina jina, na jina ndilo linalosema kwa niaba ya asiyetaka kugombana. Mvalishe "Hasidi hana sababu" siku anayokuja kumjulia hali mzazi, akae pale mkekani jina likielekea kitandani. Na usituambie kamnunulia nani maneno. Mwenye husuda ni yeye mwenyewe, lakini amekwenda dukani, amechagua katika doti zote zilizotundikwa, akatoka na hiyo, kwa kuwa moyoni anaamini yeye ndiye anayeonewa. Hapo tumemjua mtu, maana hakuna hasidi anayejiita hasidi.

Bi harusi wako asiyesema, mpe kisutu. Kile cha jadi, chekundu, cheusi na cheupe, hakina jina. Wanawake wote wa nyumba ile wanarushiana maneno kwa kanga zao, na yeye anapita katikati yao na nguo isiyo na neno. Lo, nilipoliwaza hilo nilisimama!

Unakumbuka tulivyokuwa tukimcheka Charlie Chaplin katika zile picha zisizo na sauti? Vazi lile alianza kuonekana nalo mwaka 1914, na mwenyewe alieleza kuwa alitaka kila kitu kipingane na kingine: suruali pana, koti la kubana, kofia ndogo, viatu vikubwa. Itazame kofia na bakora, huyo bwana mkubwa. Teremka miguuni, huyo hana hata mia. Mtu mzima yumo kati ya kofia na viatu, na hajasema kitu.

Ndiyo maana mwalimu wako hajanitosheleza. Umemvisha kaunda suti, ukamwacha hapohapo, na kaunda suti peke yake inanipa mtumishi yeyote wa serikali wa zamani zile. Baba alikuwa na yake ya kijivu, unaikumbuka. Wewe uliiona kwa mbali, mimi nikiipiga pasi. Mfuko wa kifuani ulikuwa na doa la wino. Mama alilisugua kwa ndimu na chumvi mpaka kitambaa chenyewe kikapauka, doa likabaki. Baba akatafuta kalamu yenye kifuniko kirefu, akaichomeka palepale juu ya doa, na kila asubuhi kabla ya kutoka aliigusa kwa kidole kuhakikisha imekaa sawa. Ilikuwa haina wino. Akiombwa kalamu posta au msibani, alisema anaihitaji mwenyewe, na watu wakamwona mchoyo. Hakuwa mchoyo hata kidogo, somo. Alikuwa na suti moja.

Kalamu hiyo nakupa, mpe mwalimu wako. Baba asingekataa, alikupenda.

Dhalimu sijui tumvalishe nini. Ningependa avae shati zuri lililopigwa pasi na mtu anayemwogopa, mikono ina mistari iliyonyooka kama wembe, na tumwone mpigaji pasi kabla ya kumwona mvaaji. Lifikirie.

Nimempa kondakta wa basi la asubuhi doti moja, ipokee stendi Ijumaa. Jina lake sikuandikii, utalisoma mwenyewe ukiikunjua. Ipinde vizuri, ile nyingine ulivaa nyuzi zikining'inia mwezi mzima.

Wako,
Somo