Jeraha la kazini halimalizwi barazani: barua ya wazi kwa mafundi vyuma wa Mtwara na Lindi

Wapwa zangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, nami nawasalimu kila mmoja kwa imani yake. Nawaandikia nyinyi mnaochomelea mageti na grili Mtwara mjini, Mikindani, Masasi, Newala na Tandahimba. Nyinyi wa Lindi mjini, Nachingwea, Ruangwa na Kilwa Masoko. Mafundi wa kuchonga vyuma mlioko viwandani. Na nyinyi mliotoka chuo cha ufundi cha VETA juzi, ambao bado mnashika chuma ili mwingine akate. Kazi hii nimeifanya mpaka macho yangu yakakataa kuendelea. Sasa nipo nyumbani, na huku kwetu Kusini mjomba ndiye anayeitwa mambo yakiharibika.

Naitwa kidole kikishakatika. Naitwa jiwe la grenda, ile mashine ya kukatia na kusagia chuma, likishapasuka na kipande kikaingia jichoni. Nikifika nakuta mkeka umetandikwa, tajiri, yaani mwajiri, amekuja na wazee wawili wa heshima, kuna mchele, kuna sukari na kuna bahasha. Tajiri anaongea vizuri. Anasema huyu ni kijana wangu, nimemlea mwenyewe, tusipelekane mbali, tumalizane kiungwana. Wazee wanaitikia. Mara nyingine hutolewa karatasi ya kusaini, mara nyingine hapana. Bahasha inapokelewa, dua inasomwa, watu wanaondoka. Miezi mitatu baadaye mkono bado haujakunja ngumi, dawa zinaendelea kununuliwa, na simu ya tajiri haipokelewi tena.

Sisemi tajiri asije. Aje, alete pole, ni utu na tunashukuru. Ninachowaomba ni kwamba pole hiyo isipokelewe kama mwisho wa shauri. Fidia ya kuumia kazini haipo mfukoni mwa tajiri wala kwenye busara za wazee. Ipo kwenye sheria, na kuna mfuko mzima uliowekwa kwa ajili yake.

Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, ambayo leo ni Sura ya 263. Ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule tunaouita WCF. Waajiri walianza kuchangia Julai 2015, na mwaka mmoja baadaye Mfuko ukaanza kulipa fidia. Anayechangia ni mwajiri peke yake, nusu ya asilimia moja ya mishahara anayolipa. Ukiona kwenye malipo yako umekatwa "hela ya WCF", umedhulumiwa, maana sheria haimruhusu mwajiri kuutoa mchango huo kwenye ujira wako.

Hebu tupige hesabu. Fundi anayelipwa shilingi 400,000 kwa mwezi, tajiri wake anamchangia shilingi 2,000. Akiumia na kushindwa kufanya kazi kwa muda, Mfuko unabeba matibabu na kumlipa asilimia 70 ya ujira wake, yaani shilingi 280,000 kwa mwezi, na malipo hayo yanaweza kwenda mpaka miezi 24. Jeraha likiacha ulemavu wa kudumu, daktari anaupima kwa asilimia. Usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Asiyeweza kujihudumia huongezewa malipo kwa ajili ya mtu wa kumhudumia. Upo pia utengamao, yaani kumsaidia aliyeumia arudi kazini au ajifunze kazi nyingine anayoiweza. Ukiona asilimia uliyopewa hailingani na hali yako, una haki ya kuomba uamuzi upitiwe upya. Linganisheni wenyewe na bahasha ya barazani.

Lakini kuna ujanja mmoja naomba mnisikilize kwa makini. Baadhi ya matajiri huandikisha mshahara mdogo kuliko wanaoulipa. Wewe unapokea 400,000 mkononi, kwenye karatasi umeandikwa 150,000. Tajiri ameokoa shilingi 1,250 kwa mwezi, haifiki hata bei ya diski ya grenda. Siku ukiumia, asilimia 70 inapigwa kwenye ile 150,000, na unapewa 105,000. Umepoteza 175,000 kila mwezi wa ugonjwa wako, na ulemavu ukiwa wa kudumu, hasara hiyo inakufuata mpaka kwenye pensheni. Kwa hiyo wekeni daftari. Kila siku uliyofanya kazi, kazi gani, na umelipwa kiasi gani. Ukilipwa kwa simu, usifute ule ujumbe. Omba barua ya ajira hata kama imeandikwa kwa mkono. Siku ya shida, daftari lenye tarehe litakusemea pale ambapo wewe na tajiri mnabishana.

Najua wengi mmeshaanza kusema, "Mjomba, sisi ni vibarua tu, ni deiwaka, hatuna mkataba." Hapa ndipo vijana wengi wanapoachia haki yao wenyewe kabla hata ya kunyimwa. Mkataba hauwi mkataba kwa sababu umepigwa chapa. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inataja dalili ambazo hata moja tu ikiwepo, mtu anahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Je, kuna anayekuelekeza namna ya kufanya kazi? Kuna anayekupangia saa? Unatumia mashine na vifaa vya tajiri? Unamtegemea yeye kwa riziki? Umemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita? Saa 45, wapwa zangu. Hizo katika karakana zetu zinaisha ndani ya wiki moja, na msimu wa korosho zinaisha hata mapema zaidi, kuanzia Oktoba wakulima wanapolipwa na kila mmoja anataka geti na madirisha kabla hela haijaisha. Saidia fundi anayejifunza kazi naye asijione yupo nje. Sheria ya fidia inamhesabu mwanagenzi pia.

Aliyejiajiri mwenyewe hali yake ni tofauti. Mfuko huu umejengwa juu ya mwajiri na mshahara, kwa hiyo mwenye mashine yake anayefanya kazi peke yake nje ya nyumba asidhani amekingwa. Ila ukishaweka kijana wa kukusaidia na unamlipa, elewa kwamba wewe ndiye tajiri sasa, na wajibu wa kujisajili WCF umekuangukia wewe.

Sasa nije kwenye siku yenyewe ya ajali, kwa sababu haki nyingi hupotea ndani ya saa chache za mwanzo. Damu inatoka, kijana anapakizwa kwenye bajaji kwenda hospitali, Ligula ya Mtwara au Sokoine ya Lindi, na njiani tajiri au msimamizi anamnong'oneza: ukifika sema umeanguka na pikipiki, sema umejikata nyumbani, mimi nitalipa kila kitu. Kijana ana maumivu na ana hofu ya kibarua chake, anakubali. Nesi anaandika alichoambiwa. Kuanzia hapo faili la hospitali linasema hakuumia kazini, na hilo faili ndilo litakaloombwa baadaye. Mwambie daktari ukweli: nimeumia kazini, mahali fulani, saa fulani, nikifanya kazi hii. Hakikisha imeandikwa hivyo. Anayekusindikiza, hata kama ni mwenzako wa karakana, ajue hilo na alisimamie kama wewe huwezi kusema. Mkiweza, pigeni picha pale mlipoumia na ile mashine kabla haijafanyiwa usafi, na chukueni majina na namba za simu za walioona.

Mjulishe tajiri mapema iwezekanavyo. Kwa mdomo inakubalika, lakini tuma na ujumbe wa simu ili ubaki. Tajiri akishapata habari, ana siku saba za kutoa taarifa WCF. Asipofanya hivyo, usikae ukimngoja kama anayengoja mvua ya Septemba: peleka taarifa mwenyewe, au ndugu yako aipeleke, WCF au kwa afisa kazi wa mkoa. Tajiri kutojisajili ni kosa lake mbele ya sheria na haliwezi kugeuzwa kuwa kosa lako. Dai linapaswa kufikishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Nawasihi mwaka huo usiishe mkiwa kwenye ahadi. Nimeona subira za watu wema zikitumika kuumaliza, "ngoja korosho ziuzwe, ngoja mzigo ufike bandarini, ngoja baada ya Ramadhani", mpaka tarehe ikapita.

Ukifukuzwa kazi kwa sababu umeumia au umedai, hilo ni shauri jingine na lina mlango wake, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Muda wake ni mfupi zaidi, siku 30 tangu kuachishwa.

Mtaambiwa pia, "Uliondoa kikinga cha grenda mwenyewe, kwa hiyo hulipwi." Msikubali maneno hayo yawanyamazishe. Fidia hii haikuwekwa kwa kutafuta nani mzembe. Fundi aliyechoka akateleza mkono bado ni fundi aliyeumia kazini. Sheria inamnyima mtu aliyeumia kwa utovu mkubwa wa nidhamu aliokusudia, na hata huyo, akipata ulemavu mkubwa au akifa na kuacha wategemezi, mlango haufungwi. Lakini kama mjomba sina raha nikiwaona mnaondoa kikinga ili diski kubwa ienee. Diski kubwa haikutengenezwa kwa mwendo wa grenda ndogo. Inapasuka, na ikipasuka hakuna kitu kati yake na shingo yako. Na miwani ya jua ya shilingi elfu tatu haizuii mwanga wa kuchomelea. Kioo cha kuchomelea, glavu na viatu ni wajibu wa mwajiri kuvitoa, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, ndio wanaoisimamia. Daini vitolewe, na vikitolewa mvivae.

Kuna na kuumia ambako hakutoi damu. Fundi anagonga na kusaga chuma miaka mingi, siku moja anagundua haisikii adhana mpaka aambiwe. Mwingine kifua kinabana. Mnaochomelea mabati yaliyopakwa zinki mnaijua ile homa ya usiku, baridi na kutetemeka, asubuhi imeondoka. Mnakunywa maziwa na kuamini yamesafisha. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi umeingia mapafuni. Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Ugonjwa unaotokana na kazi nao unafidiwa, na muda wake unahesabiwa tangu daktari alipoutambua. Kwa hiyo mkimwona daktari kwa kikohozi kisichokwisha au masikio, mwambieni kazi mnayofanya na mmeifanya miaka mingapi. Asipojua, ataandika kikohozi tu.

Lililobaki nawaambia wajomba wenzangu na wazee wa ukoo, nalo linanikaa moyoni kuliko yote. Fundi akifa kazini, Mfuko hugharamia mazishi na kuwalipa wategemezi, mjane au mgane na watoto kwanza. Sisi Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao tuna desturi zetu za upande wa mama, na naziheshimu, ndizo zilizonilea. Lakini malipo haya si shamba la mikorosho la marehemu la kuzungumziwa kwenye arobaini. Ni chakula na ada za watoto wake. Mjane asiambiwe kwamba ataamuliwa na ukoo, wala asiondolewe nyumbani akiwa hana karatasi mkononi. Tumsaidie kukusanya cheti cha kifo, cha ndoa na vya kuzaliwa vya watoto. Ndoa nyingi huku ni za shehe au za mila na hazina cheti serikalini, na watoto wengi hawajaandikishwa RITA, ofisi ya serikali inayotoa vyeti vya kuzaliwa. Wapwa zangu, hilo lifanyeni sasa mkiwa wazima: mwandikisheni kila mtoto, na muweke vyeti pamoja na lile daftari la kazi, mahali ambapo mke au mume anapajua.

Siku tajiri akija na bahasha, wazee, mkaribisheni. Kabla dua haijasomwa muulizeni kwa upole: taarifa ya WCF umeshapeleka? Tuonyeshe nakala. Kama hajaipeleka, hesabuni naye zile siku saba, na karatasi yoyote inayosema "tumemalizana" isisainiwe na mtu yeyote wa nyumba hiyo.

Mjomba wenu,
fundi mstaafu, Mikindani