Jamani wana Veyula, maktaba inahitaji taa

Mbukwenyi wana Veyula, na nyie wote mliotoka huku mkatawanyika Dar, Mwanza, Arusha na kwingineko. Naandika kwa niaba ya kamati ya maktaba yetu hapa Veyula, Dodoma, na shida yetu naisema mapema ili hata mwenye haraka aipate: chumba hakina umeme, kwa hiyo tunafunga saa kumi na mbili jioni, na wanaokihitaji kuliko wote ndo kwanza wanatoka kwenye mihangaiko yao saa hiyohiyo. Tunatafuta 3,200,000 ili tufungue mpaka saa tatu usiku.

Mchana hatuna neno. Watoto wa shule wanajaa, wanagombania kamusi moja ambayo jalada lilishatoka siku nyingi tukalibandika la kalenda, na kijana akisikia ameitwa kwenye usaili huko mjini anakuja kukaa kimya asome maana nyumbani redio haizimwi. Tabu ni jioni. Kuna dada mmoja anauza chapati pale barabarani, aliishia form two akaolewa, sasa hivi anasoma QT, ule mtihani wa walioishia njiani wakitaka kurudi kufanya form four, anaingia unga bado uko kwenye kucha na giza linakaribia, basi anasogeza kiti dirishani, mwanga ukisogea na yeye anasogea, mwisho anasimama kabisa kakiinua kitabu cha Baiolojia juu usawa wa uso mpaka mtunza maktaba anaona aibu kutikisa funguo. Na hayuko peke yake, kuna bodaboda wawili wanarisiti mtihani wa form four na mama mmoja ni saidia fundi kwenye majengo huko Mtumba. Hawa ukiwaambia waje saa tano asubuhi ni sawa na kuwaambia wasije.

Halafu tuache kudhani maktaba ni ya wanafunzi tu. Juzijuzi alikuja mzee mmoja wa zabibu, kusoma kwake ni kwa kuokoteza, akamkuta binti wa form three akamwomba amsomee kijarida cha ubwiri unga, ugonjwa wa mizabibu. Binti anasoma mstari kwa mstari, mzee anamkatiza, "mjukuu wangu rudia hapo kwenye salfa", anarudia, mzee anaguna. Kumbe miaka yote alikuwa anasubiri mpaka aone ule unga mweupe umetapakaa kwenye majani na vichana ndo anakimbilia dawa, wakati salfa inataka uiwahishe kabla ugonjwa haujashika shamba. Tunakaa jirani kabisa na TARI Makutupora, watu wa utafiti wa zabibu, ila utafiti ukibaki kwenye makaratasi na makaratasi yasifike kwa mwenye shamba, huo ujirani unatusaidia nini? Mzee aliondoka ameandikiwa kipimo kwenye kipande cha boksi, na wiki iliyofuata akarudi na wenzake.

Kuna watakaosema hii ni kazi ya serikali. Ni kweli, na imeanza zamani, nchi hii ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru, na Mwalimu Nyerere akaenda mwenyewe kufungua Maktaba Kuu pale Dar tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya uhuru kabisa, kwa hiyo wazee wetu hawakuona kama ni anasa. Maktaba ya mkoa ipo mjini, mwenye nauli aende. Ila mtoto wa huku anayetoka shule saa tisa hawezi kupanda daladala kila siku kufuata kitabu. Na vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu (TET) vipo bure mtandaoni, sawa, lakini bando si bure, na simu ya nyumbani ni ya baba na baba kaondoka nayo.

Hesabu ni hizi. Wayaringi, taa na soketi 700,000, nguzo ipo hatua chache tu kutoka mlangoni. Meza nne na mabenchi manane 1,400,000, fundi ni wa hapahapa. Grili za madirisha 500,000, maana tukishaweka umeme na vibaka nao watakuja kusoma. Posho ya msimamizi wa jioni laki moja kwa mwezi kwa miezi sita, 600,000, baada ya hapo serikali ya mtaa imekubali kutafuta namna. Mkononi tuna 840,000, zimepungua 2,360,000. Kamati ya harusi moja tu hapa kijijini inazikusanya hizo ndani ya wiki tatu, na kadi tunapokea bila kununa!

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nane mchana, uwanja wa shule ya msingi. Kutakuwa na mnada, lete ulichonacho, jogoo, debe la uwele, kreti ya zabibu, mbao, hata siku moja ya nguvu zako kwa fundi tunaiandika kwenye daftari. Buku ni mchango. Mlio mbali, namba ya kutumia imebandikwa ofisi ya mtaa, mpigieni ndugu yenu yeyote aliyeko huku awasomee, na kabla hujatuma hakikisha jina linalotokea ni la mhazini mnayemjua, matapeli hawalali.

Wanaotaka kuchangia vitabu karibuni sana, tunaomba tu visiwe vile mnavyotaka kuvitupa. Tulishaletewa boksi zima la miongozo ya kompyuta ambazo haziuzwi tena. Vya sayansi vya sekondari, hadithi za watoto za Kiswahili, kilimo na ufugaji, hivyo haviwahi kulala kwenye shelfu. Mabasi ya Kondoa yanapita hapa, mpe konda mzigo, andika "maktaba Veyula", tutaupokea barabarani.