YAH: MALALAMIKO YA KUUNGUZWA KWA UKOKA WANGU NA KUDHALILISHWA KWA MUME WANGU

Kwa Meneja wa kampuni ya kutunza bustani,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima hiyo mimi sikuipata kwa watu wako. Masharti ya huduma yenu mnayajua, mmeyachapa wenyewe nyuma ya risiti, kwa hiyo sitayarudia. Nililipia kufufuliwa kwa ukoka wa mbele ya nyumba yangu, uliokuwa umeanza kugeuka kahawia. Safari tatu, Sh 420,000, zote nimezituma kwa simu kabla hamjagusa kitu, kama mlivyotaka.

Ukoka ule mliukuta hai. Naomba hilo lieleweke kwanza. Hapa Dodoma mvua ikikata Aprili tunaingoja mpaka Desemba, na ukoka ukikosa maji huacha majani yakauke, wenyewe ukajihifadhi chini. Jioni moja kabla vijana wenu hawajaja, niling'oa kipande cha shina lake linalotambaa nikakipasua kwa wembe. Ndani kilikuwa cheupe, kina majimaji, kama muhogo uliochimbwa siku hiyo hiyo. Kilichotakiwa ni maji ya kushiba alfajiri mara mbili kwa wiki, udongo utobolewe kwa sababu umeshindiliwa na miguu ya miaka mingi, na mbolea kidogo sana ukishaanza kushika rangi.

Vijana wenu walifika saa saba mchana, jua la utosi. Wakaanza kwa kufyeka, wakakata hadi udongo ukaonekana, wakati anayeijua kazi hii hapunguzi zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Kisha wakarusha urea kwa mkono na hawakumwagilia. Maji ya bomba yalikuwa hayajatoka tangu juzi yake, nikawaambia basi mbolea isubiri, wakasema wana nyumba nyingine ya kwenda. Punje nyeupe zilibaki zimekaa juu ya majani kama chumvi.

Mfuko wao wa kilo 50 ulifunguliwa kwangu na ukaondoka umepungua robo. Nimefundisha hesabu miaka 31, nisingekosea hii. Eneo langu ni mita za mraba 80. Urea ina naitrojeni asilimia 46, na gramu 10 kwa kila mita ya mraba zinatosha, yaani gramu 800 kwa bustani nzima. Nyinyi mmemwaga zaidi ya kilo 12. Mbolea ikizidi hivyo, mizizi haivuti tena maji kwenye udongo, inanyang'anywa hata yale iliyokuwa nayo. Siku ya nne bustani ilikuwa na mistari ya rangi ya mabua kutoka getini hadi barazani, ikifuata mkono wa mrushaji.

Nilipiga simu mara sita ndipo msimamizi wenu akaja. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake anaota jua la asubuhi, kama alivyoshauriwa tangu alipopata kiharusi. Msimamizi hakumwamkia. Alitazama majani, akamtazama yeye, akaniambia mbele ya majirani zangu wawili: "Mama, hii siyo mbolea. Huyu mzee atakuwa anakojoa hapa."

Kabla ya siku hiyo, jambo ambalo nimeliruka kwa hasira, vijana wenu walikuwa wamekuja safari ya pili. Wakasema ni mchwa. Nikachimba mbele yao sehemu tatu, hapakuwa na mchwa hata mmoja. Wakanyunyiza hivyo hivyo, dawa imetiwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo. Nilipouliza jina la dawa hakuna aliyejua. Chupa waliisahau, ninayo.

Narudi kwa msimamizi, kwa sababu nataka ulisome neno lile mara mbili. Mimi nimelisikia usiku kucha. Alikuwa amesimama, mume wangu ameketi. Alinyoosha kiatu chake, siyo mkono, kiatu, kuonyesha chini ya kiti cha mume wangu, akasema, "Huyu mzee atakuwa anakojoa hapa." Mume wangu hawezi kusema vizuri, lakini anasikia na kuelewa kila kitu. Alitaka kusimama. Fimbo ikawa inatetemeka, mdomo unafunguka, neno halitoki. Ukoka huo aliupanda yeye mwaka 2004, kipande kwa kipande, akiuleta kwenye gunia kutoka Hombolo. Tangu siku ile hataki kutolewa nje. Na baada ya hayo yote, msimamizi wenu alinipa kalamu nisaini fomu ya "kazi imekamilika". Sikusaini.

Tena ni uongo. Mkojo huunguza kiduara cha upana wa sahani, na pembeni yake majani hustawi zaidi. Hauchori mistari ya mita kumi.

Nilipokaa kuandika nilikusudia kudai Sh 420,000 zangu tu. Lakini nimenunua maboza mawili ya maji kuisafisha ile urea ardhini, Sh 140,000, na hizo mtazilipa. Jumla Sh 560,000. Pia mvua zikianza Desemba mtaupanda upya ukoka wote ulioungua, kwa gharama yenu, akiwepo bwana shamba nitakayemchagua mimi. Na msimamizi aje aombe radhi mbele ya majirani wale wale.

Nilitaka kuwapa siku 14. Nikifikiria fimbo ile ilivyotetemeka, nawapa siku saba. Zikipita, malalamiko yangu yatafika Tume ya Ushindani, na chupa yenu itafika Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, wawaulize wao kilichomo ndani. Fedha nitazidai mahakamani, pamoja na fidia ya kudhalilishwa kwa mume wangu, na hapo sitakubali tena Sh 560,000.

Kuhusu kuomba radhi, aje yeye mwenyewe, asitumwe mwingine kwa niaba yake. Aingie ndani alipo mume wangu, aanze na shikamoo.

Wenu,
Mteja wenu, eneo la Kisasa, Dodoma