Shemeji ameziangusha hoja zangu, vijana niwaambie nini?

Kwako mshauri,

Ninafundisha vijana kanisani, na somo nilipendalo kuliko yote ni la uumbaji. Dada yangu ameolewa na mwanajiolojia, mtu mpole ambaye hakubali jambo mpaka aone ushahidi. Tukikutana ni mjadala, na mwanzoni mimi ndiye niliyekuwa nikiuchokoza.

Nilianza na hoja niliyoifundisha kwa miaka mingi: kwamba umri wa miamba hauaminiki kwa sababu kipimo cha kaboni hukosea. Akaniuliza, "Shemeji, nani amekuambia miamba ya kale hupimwa kwa kaboni?" Akanieleza kwamba kaboni-14 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, kwa hiyo ikishapita miaka 50,000 hubaki kidogo mno. Hiyo ni ya mifupa, mbao na mkaa. Miamba ya kale hupimwa kwa urani, ambayo hugeuka kuwa madini ya risasi polepole sana. Mwaka 1956 mwanasayansi Clair Patterson alichunguza risasi iliyomo katika vimondo, akapata kwamba dunia ina umri wa miaka bilioni 4.55 hivi. Niliona haya. Kushindwa hakukuniuma kama kujua kwamba nimewafundisha watoto wa watu jambo ambalo sikuwahi kulichunguza.

Hoja ya kwamba kila kitu huelekea kuharibika, kwa hiyo uhai usingeweza kujijenga, haikuchukua hata dakika tano. Dunia hupokea nishati ya jua kila siku, alisema, na mbegu huwa mti bila kuvunja kanuni yoyote.

Niliyoitegemea zaidi ni ya mkia wa bakteria, aliyoieneza mwanabiokemia Michael Behe mwaka 1996. Mkia ule huzunguka kama mota, na ukiondoa sehemu moja muhimu, hausogei; kwa hiyo, nilidai, usingeweza kujengeka hatua kwa hatua. Hii shemeji hakuidharau, tulikaa nayo jioni nzima. Alinionyesha kwamba bakteria wengine, wakiwemo wa tauni, wana kifaa mfano wa sindano cha kuingizia protini zao katika seli za kiumbe wanachokishambulia, na kwamba kifaa hicho kinafanana sana na kitako cha mkia ule. Yaani sehemu ya mkia yaweza kuwa na kazi yake hata mkia wenyewe usipokuwepo. Nikamjibu kwamba kufanana peke yake hakuonyeshi njia iliyopitiwa. Akakubali kwamba si kila hatua inajulikana, kisha akasema, "Lakini ukimweka Mungu pale tusipopajua tu, siku tukipajua utamhamishia wapi?" Swali hilo limeninyima usingizi.

Sijaacha kuamini kwamba Mungu ndiye Muumba, na shemeji hajawahi kuniomba niache. Yeye mwenyewe ndiye aliyenikumbusha kwamba Georges Lemaître, aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, alikuwa padri.

Sasa shida yangu. Mwezi ujao kuna semina ya vijana, na mchungaji amenipa mada ya ushahidi wa kisayansi wa uumbaji. Anatarajia nitumie maandishi yangu ya zamani. Mwalimu mwenzangu ninayemwamini nilipomweleza, alinionya nisiwatikise vijana. Lakini binti mmoja niliyemfundisha sasa anasoma kemia chuoni. Habari za kaboni atazisikia kwa mhadhiri wake, kama si leo basi kesho, na nahofia atadhani kila nilichomfundisha, hata Injili, kilikuwa cha namna ile ile.

Je, nimwendee mchungaji kabla ya semina, na nianzie wapi ili asidhani nimeasi? Vijana niliowafundisha tayari niwaambie waziwazi kwamba nilikosea? Halafu kuna dada yangu, anayetusihi tuache kubishana mbele ya wanawe. Nami mazungumzo haya na shemeji sitaki kuyapoteza, maana ndiye pekee anayechukua muda kunijibu.

Naomba ushauri wako.

Mwalimu wa vijana