Kaka, kabla hujapeleka toleo la pili kiwandani

Kaka,

Shangazi ameniambia kitabu chako kinachapwa tena. Hongera, tena ya moyoni, kwa sababu hadithi ni nzuri na ulistahili. Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa kuhusu lile kosa la kitabu chako ulilonitwika mbele za watu, nami nitaanzia na punda wa Sancho Panza, mtumishi wa Don Quijote katika riwaya ya zamani ya Kihispania. Utanielewa upesi.

Mwanzoni mwa 1605, huko Madrid, kilitoka kitabu cha kwanza cha Don Quijote cha Miguel de Cervantes. Mpigachapa alikuwa Juan de la Cuesta, mwenye fedha ni muuza vitabu Francisco de Robles. Ukifika sura ya 25, unamkuta Sancho punda wake keshaibiwa. Ameibiwa lini, na nani? Hakuna ukurasa unaosema. Ukifika sura ya 46 punda yupo, kama hakuna lililotokea. Yule mzee wa kitabu chako aliyezikwa sura ya 3 akamimina kahawa sura ya 9 ana wenzake, kaka, tena wakubwa.

Sasa tazama kosa la namna hiyo linapita wapi. Mwandishi alimpa karani rasimu yake, karani akaandika nakala safi. Nakala hiyo ilipelekwa kwenye Baraza la Mfalme kuombewa kibali cha kuchapwa, na kila ukurasa ukatiwa alama ya katibu ili asipatikane mtu wa kuchomeka neno baadaye. Kibali kilitolewa Septemba 1604. Kiwandani, wapangaji wa herufi hawakufuata mtiririko wa hadithi. Karatasi mbili zilikunjwa na kupachikwa moja ndani ya nyingine, zikatoa kurasa 16. Ili kuchapa upande mmoja wa karatasi ya nje, unahitaji kurasa za 2, 3, 14 na 15 kwa pamoja. Herufi za risasi hazikutosha kupanga zote 16 na kusubiri, kwa hiyo walikadiria kwa macho kila ukurasa utaishia neno gani, wakaanza popote. Kadirio likizidi, mpangaji anafupisha maneno. Likipungua, anatanua nafasi. Mtu anayepanga ukurasa wa 14 kabla ya wa 4 atajuaje kwamba punda hayupo tena?

Kisha akaja msahihishaji, Francisco Murcia de la Llana. Tarehe 1 Desemba 1604 alitia saini kwamba kitabu hakina jambo la maana lisilolingana na mswada uliopewa kibali. Kazi yake ilikuwa hiyo tu: kulinganisha. Angemwongezea Cervantes hata sentensi moja, angekuwa amevunja sheria. Kitabu kilijaa makosa ya herufi na hayo nayakubali ni mzigo wake. Punda si wake. Tarehe 20 Desemba bei ikapangwa: karatasi 83, kila moja maravedi (sarafu ndogo ya Hispania) 3 na nusu, jumla 290 na nusu. Kurasa za mwanzo, zenye bei na vibali, zikachapwa mwisho kabisa.

Nakueleza yote haya kwa sababu ya siku ile ukumbini. Msomaji alisimama akauliza habari za yule mzee na kahawa yake. Ukacheka, ukaninyooshea kidole mbele ya mama na wageni: “Muulizeni huyu, ndiye aliyesahihisha.” Watu wakapiga makofi. Kaka, wewe unajua ulinipa nini. Ulinipa prufu, zile kurasa za majaribio kutoka kiwandani, na mswada wa mwisho, ukasema nilinganishe, nisiguse hadithi. Sikugusa.

Turudi kwenye toleo lako, maana hapo ndipo ninapokuhofia. Kitabu cha Cervantes kiliuzika haraka mno hata Lisbon, Ureno, wakakichapa bila idhini ya wenyewe, kwani kibali cha awali kilihusu ufalme wa Castilla, wenye Madrid, peke yake. Cuesta akapanga upya mwaka huohuo, na sura ya 23 ikaongezewa kipande: Ginés de Pasamonte, mfungwa mmoja mtoro, anaiba punda usiku. Sura ya 30 punda anarudishwa. Vizuri, lakini mara tu baada ya kipande kile cha wizi, Sancho bado anaonekana amempanda! Walichomeka maelezo, hawakufuatilia mistari iliyobaki. Wataalamu wengi wanaona hata kosa la kwanza lilitokana na Cervantes kuhamisha sura mswada ukiwa umekwisha. Na wewe ulihamisha mazishi, nakumbuka, yalikuwa mwishoni.

Kwa hiyo usiandike aya moja ya kumfufua mzee. Chukua mswada mzima, tafuta jina lake kila lilipo, pamoja na “babu” na “marehemu”, usome kwa mfululizo kutoka mazishini hadi mwisho.

Mwaka 1615, katika sehemu ya pili, Sancho anaulizwa kuhusu punda. Anajibu kwamba labda mwandishi alikosea, au ni uzembe wa mpigachapa. Angalia nani katajwa kwanza.

Na kwenye ukurasa wa shukrani, ondoa neno “mhariri” mbele ya jina langu. Andika “amelinganisha prufu”, au usiniandike kabisa.